Kiti cha Redio cha Jokébed

Mlio wa ndege ulipotokea upande wa Kalunguta, Jokébed Kavira aliacha jembe katikati ya tuta na kuanza kukimbia. Hakumuaga mtu. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage shamba la pili walitazamana, mmoja akacheka, maana walishazoea. Mwanamke mzima, mama wa watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, akisikia ndege tu anapandisha kitenge magotini na kuteremka kilima utadhani ameambiwa nyumba yake inaungua.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kidogo, cha udongo mwekundu, nje ya mji wa Butembo kwenye njia ya kwenda Vuhovi. Upande mmoja kulikuwa na nyumba, upande wa pili mashamba na makaburi, na katikati njia ya miguu iliyokata kiwanja kama mkasi. Njia ilikuwepo kabla ya kiwanja. Watu wa pale hawakuona sababu ya kuihama kwa ajili ya chombo kinachokuja mara moja moja na kuondoka bila kumsalimu mtu.

Apollinaire, mlinzi wa kiwanja, alikuwa ameshaanza kupuliza filimbi. Jokébed alipita mbele yake bila kusimama, akawafukuza mbuzi wawili, akamshika mkono bibi mmoja aliyebeba kuni na kumvuta pembeni, akawapigia kelele wanafunzi waliokuwa wakivuka polepole kwa makusudi. Ndege ikashuka. Vumbi lilipotulia hakuna aliyeumia, na Jokébed alikuwa amesimama ameshika kiuno, anahema.

"Ya Jokébed, utakufa na mbio," Apollinaire alisema.

"Na nikiikala ku shamba, nani atatosha batu mu njia, abavute pembeni?"

"Niko na filimbi."

"Filimbi pilote anaisikia?"

Apollinaire aliishusha filimbi, kwa sababu hakuna rubani aliyewahi kuisikia. Wote wawili waligeuka kutazama kibanda cha redio kilichokuwa hatua chache kutoka pale. Mlango ulifungwa kwa waya na lakiri ya serikali. Dirishani ungeweza kuona mashine ya redio imefunikwa kitambaa, na kiti cha mbao ambacho Jokébed alikikalia miaka mingi ya maisha yake. Alikitazama kwa hasira, akarudi shambani kwa miguu ya polepole.

Ili mtu aelewe hasira hiyo ni lazima aelewe kazi yenyewe. Jokébed alikuwa sauti ya kiwanja. Rubani akikaribia, yeye ndiye aliyemwambia upepo unatoka wapi, mvua imefika kilima gani, udongo umelowa au umekauka, na nani yuko kwenye kiwanja. Leseni yake, aliyopewa na ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya ndege, ilimruhusu kusema anachokiona. Haikumruhusu kuamuru. Kuamuru ni kazi ya watu wa viwanja vikubwa, wenye mnara na leseni nyingine. Wa kiwanja kidogo anaeleza, rubani anaamua.

Sasa, marubani wa milima ile walikuwa na mtindo wao. Wakiambiwa kuna watu au mbuzi kiwanjani, hawakungoja. Walipita chini sana, kelele ikatapanya kila kiumbe, kisha wakageuka na kutua. Watu wa Butembo waliuita mtindo huo kufagia. Ulikuwa unafaa. Mbuzi hukimbia, watoto hukimbia, hata bibi mwenye kuni hupata miguu ya ujana.

Lakini siku moja aliyekuwa akipita alikuwa mzee Ananie, na mzee Ananie alikuwa ndani ya jeneza.

Kwa watu wa kilima kile, jeneza likishainuliwa uani haliwekwi chini mpaka kaburini. Wabebaji wakichoka wanapokezana wakitembea. Kuliweka njiani ni kumwambia marehemu kwamba mmechoka naye, na hakuna ukoo unaotaka kusema neno hilo. Siku ile Jokébed alikuwa kwenye kiti chake, akasikia ndege ikiita, akatazama dirishani, akaona msafara umeingia katikati ya kiwanja: wabebaji mbele, wafiwa nyuma, kwaya ya kanisa lake mwenyewe ikiimba. Alijua hesabu yote mara moja. Akisema "kuna watu," rubani atafagia. Akifagia, watu wote watakimbia isipokuwa wabebaji. Wao hawatakimbia, wala hawataliacha jeneza. Watasimama pale pale.

Akabonyeza kitufe na kusema kwa Kifaransa, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua: "Usishuke. Ngoja huko juu."

Rubani akangoja. Alipokuwa akingoja, wingu likaziba kilima, kama mawingu ya Butembo yanavyopenda kufanya mtu akiwa na haraka. Ndege ikaenda kutua Mavivi, kule Beni, na abiria wakarudishwa kwa barabara, siku nzima, vizuizi vya askari kila mahali. Mmoja wao alikuwa tajiri asiyezoea kusimamishwa. Kampuni ya ndege ikapeleka mashitaka: agizo limetolewa na mtu asiye na haki ya kuagiza. Ofisi ikamsimamisha Jokébed mpaka kamati imsikilize, ikaweka lakiri mlangoni.

Mzee Ananie alizikwa vizuri. Hilo hakuna aliyelikana.

Jokébed hakuwa mtu wa kukaa. Wiki za kwanza aliosha vyombo visivyo na uchafu, akahamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule na kulirudisha, akaenda sokoni kununua chumvi ilhali nyumbani kuna chumvi. Mume wake Gamaliel, seremala na shemasi, mtu mpole ila mwenye mdomo, alimtazama akisugua sufuria na kusema:

"Mama, hiyo sufuria utaitoboa. Tutapikia wapi?"

"Niache."

"Mi nakuacha. Njo sufuria inalia."

Kisha redio ya mji ikatangaza habari ambayo watu wengi hawakuisikiliza mpaka mwisho. Ofisi ya zamani ya ndege imevunjwa. Mahali pake pamewekwa Mamlaka mpya, yenye sheria mpya na wakubwa wapya. Gamaliel aliacha randa, akaingia jikoni akipiga makofi.

"Jokébed! Ofisi imekufa! Benye walikushitaki kwao, hawako tena. Kesi imekwisha!"

Mtaa mzima ukaamini hivyo. Majirani walikuja kumpongeza, mmoja akaleta ndizi za kuchoma. Hata mchungaji alitaja jambo hilo kanisani, kwa mafumbo lakini kila mtu alielewa. Walifikiri serikali ni kama mtu: akifa, ugomvi wake unazikwa naye. Kwa wema wa mioyo yao walikosea kabisa, kwa sababu ofisi ya serikali inaweza kufa asubuhi na mikono yake ikaendelea kukushika shingo mchana.

Jokébed alivaa kitenge cha Jumapili, akapanda gari kwenda Beni, kwenye tawi la Mamlaka mpya. Alipelekwa kwa mwanasheria wao, mwanamke kijana ambaye wote walimwita kwa cheo chake, Maître Sophie, mwenye miwani na meza iliyojaa. Sophie alimkaribisha vizuri, akamletea kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mama Kavira, nitakwambia ukweli. Ofisi ya zamani ilikufa, mais mambo yake haikukufa. Mu sheria mupya kuko sehemu ya mupito. Inasema leseni yote yenye ofisi ya zamani ilitoa, inaendelea kuwa na nguvu mupaka tuibadilishe na yetu. Na kesi yote yenye ilianza kule, inaendelea huku, pale ilikuwa imefika. Hatuianze mupya, na hatuifute."

"Na yangu ilikuwa imefika wapi?"

"Ilikuwa imefika ku kungoja kamati."

"Donc, sasa nifanye nini?"

"Donc unaendelea kungoja."

"Na kamati iko wapi?"

"Bado kuitaja. Na dossier yako, makaratasi yote ya kesi, ilibakia Goma, mu ofisi ya zamani. Unajua hali ya Goma. Hakuna mutu ataenda kuitosha kule sasa."

Jokébed aliyajua ya Goma kama kila mtu: mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Alivuta kiti karibu na meza.

"Maître, mi naweza kungoja. Nilizaa batoto sita, najua kungoja. Mais avion haziwezi. Zinashuka kila juma, na ku redio hakuna mutu. Muweke mwingine kwa muda."

Sophie alitikisa kichwa, na alionekana kuchukizwa na jibu lake mwenyewe. "Hatuwezi. Kiti ile iko na mwenyewe. Njo wee. Umesimamishwa, haukufukuzwa. Sheria ya mupito inasema kila mutumishi anabakia mu hali yenye mabadiliko ilimukuta nayo, na kiti yake inalindwa. Waliandika vile juu ya kusaidia batu kama wee, wakubwa bapya wasiwafukuze na kuweka bandugu zao."

"Bananilinda."

"Banakulinda."

"Na batu ya mu njia, nani anabalinda?"

Sophie alivaa miwani yake tena. Aliandika namba yake ya simu, akamsindikiza mpaka mlangoni, na Jokébed akarudi Butembo akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Angalau dhuluma ungeweza kuipigia kelele. Hii ilikuwa wema, na wema unaomfungia mtu nje ya kazi yake ni mgumu kuutukana.

Hivyo ndivyo mbio zilivyoanza. Hakuruhusiwa kugusa redio, lakini hakuna aliyemkataza kupiga kelele. Akiwa shambani alikimbia kutoka shambani, akiwa nyumbani alikimbia kutoka nyumbani. Usingizini alisikia ndege ambazo hazikuwepo. Mezani alinyanyuka na tonge mkononi kwa sababu ya pikipiki iliyopanda kilima kwa gia ndogo. Kanisani, katikati ya wimbo, sauti ya kwanza ilipotea ghafla, watu wakageuka, wakaona mahali pake ni patupu na mlango wa pembeni ukiyumba.

Gamaliel alianza kuogopa. Alimwambia waziwazi chakula kikiwa mezani.

"Hii kazi hawakulipe. Na haiko kazi. Uko unakimbilia avion kama mbwa ya mu barabara."

Neno lile lilimuuma, na Gamaliel aliona, akajuta papo hapo. Lakini Jokébed hakulia. Alisema tu kwamba mbwa wa barabarani angalau anafika kwa wakati.

Siku aliyochelewa ilikuwa siku ya soko. Alikuwa mjini, kwenye kelele za spika na mashine za kusaga, akichagua nyanya. Hakusikia ndege mpaka ilipokuwa juu ya mabati. Alitupa nyanya, akamsimamisha mwenye pikipiki bila kuuliza bei, na njia nzima alimpiga mgongoni aongeze mwendo. Rubani wa siku ile alikuwa mgeni. Aliita redio, hakujibiwa. Aliona kiwanja cheupe kwa ukungu mwembamba, hakufagia, akashuka moja kwa moja.

Joyeuse Kahongya alikuwa akivuka na gunia la mihogo mikavu kichwani. Alikuwa mke wa jirani, kijana bado, mtu wa kucheka. Alisikia kelele nyuma yake, akageuka, akaanguka. Bawa lilipita juu yake. Gunia lilipasuliwa na mihogo ikatawanyika mpaka kwenye majani. Jokébed alipofika alimkuta amekaa chini, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupaswi kupinda, uso mweupe kwa unga wa mihogo. Apollinaire alikuwa amepiga magoti kando yake, filimbi mkononi bado, akilia.

"Nilipuliza," alikuwa akisema. "Nilipuliza, ya Jokébed. Nilipuliza sana."

"Najua," Jokébed alisema.

Walimbeba Joyeuse mpaka hospitalini. Mkono uliwekwa sawa, na watu wakamshukuru Mungu. Lakini Jokébed hakuweza kumshukuru vizuri. Alitembea uani mwa hospitali kwenda na kurudi mpaka mlinzi akamuuliza kama anatafuta kitu. Alikuwa akifikiri juu ya kiti. Mti mkavu wenye miguu minne, lakini ulikuwa umemvunja Joyeuse mkono, kwa sababu tu jina la Jokébed Kavira lilikuwa bado limekikalia.

Kesho yake alikuwa Beni. Safari hii hakuketi.

"Maître, kiti inaweza kuwa wazi kwa njia gani?"

Sophie alielewa mara moja, na hakupenda. "Mutu akikufa. Akifukuzwa, kamati ikiisha kumusikia. Ao akiacha kazi yeye mwenyewe."

"Naacha."

"Mama, ikala kwanza."

"Nisipoikala kunaharibika nini?"

"Unisikilize. Batu ya zamani wanabadilishiwa leseni bila mutihani, mais paka benye bangali mu kazi, hao peke yao. Ukiacha leo, leseni yako inakwisha leo. Na kesi haitakwisha. Itaendelea bila wee. Batu watasema alikimbia juu ya kosa."

Hapo ndipo Jokébed aliketi. Jambo la kusema alikimbia, hilo hakuwa amelifikiria. Alijiona kanisani, wanawake wa kwaya wakisogeza mabega. Alimwona tajiri yule wa barabara ya Mavivi akitabasamu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema anachokiona na kuaminiwa. Rubani ambaye hajawahi kumwona uso alishusha roho za watu kwa sababu sauti ya mwanamke wa Butembo imesema upepo unatoka mashariki. Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia Gamaliel. Aliipenda kwa wivu, kama mtu anavyopenda shamba la baba yake.

"Kamati inaweza kutajwa mwezi kesho," Sophie alisema polepole. "Ao mwaka kesho. Ungoje kidogo. Mi nakuomba."

"Maître, ile bibi yenye avion ilivunja mukono jana anaitwa Joyeuse. Mwenye kuvuka kesho sijue jina yake bado."

Sophie hakubishana tena. Jokébed alitia sahihi kwenye karatasi ya kuacha kazi, akaweka kalamu chini. Alishukuru kwa Kinande, wasingya, kwa mazoea tu, Sophie akajibu kwa Kinande kibaya cha mgeni. Njiani kurudi, gari lilipokuwa likipita Kalunguta katikati ya mashamba ya kahawa, Jokébed alijifunika uso kwa kitenge na kulia bila kujizuia, na mama aliyekaa kando yake, asiyemjua, alimshika goti mpaka Butembo.

Gamaliel alikasirika kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Hakupaza sauti. Alikwenda karakanani na kupiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu. Jioni alirudi, akakaa karibu naye.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungesema hapana."

"Ningesema hapana. Mais ungeniuliza."

Mamlaka mpya, lazima tuseme haki, haikuchelewa. Kiti kilipokuwa wazi, kilijazwa. Waliyemleta aliitwa Hulda, msichana wa Beni aliyetoka mafunzoni, mwenye leseni mpya inayong'aa. Lakiri ikakatwa mlangoni, kitambaa kikaondolewa juu ya mashine. Siku ya kwanza Jokébed alijificha nyumbani asione. Siku ya pili alipita kwa mbali. Siku ya tatu alikuwa mlangoni na chupa ya chai.

Hulda alisimama kwa heshima. "Karibu mama. Banasema fasi hii ilikuwa yako."

"Ilikuwa ya serikali. Mi nilikuwa naikalia tu."

Walikunywa chai. Jokébed alimwonyesha kilima ambacho mvua yake hufika na kilima ambacho mvua yake hudanganya. Kisha akamweleza habari ya majeneza, na jinsi wabebaji wasivyokimbia. Hulda alisikiliza, akauma mdomo.

"Mais mama, hata leseni mupya inasema vilevile. Shiye tunaeleza. Hatuamuru."

"Najua."

"Sasa siku ile ikinifikia, nitasema nini?"

Jokébed alimimina chai iliyobaki. Alikuwa na jibu, lakini lilimgharimu yeye kila kitu, na hakuona haki ya kumpa binti wa watu jibu la bei hiyo. Alisema atafikiri. Akaenda nyumbani, na usiku ule kabati lilihamishwa tena.

Mtu angedhani sasa angetulia. Redio ilikuwa na mtu, Apollinaire alipuliza filimbi yake mapema kwa sababu Hulda alimwambia mapema, Joyeuse alirudi kuvuka na gunia dogo kwa mkono mzima. Lakini Jokébed alikuwa mbaya zaidi. Zamani alikuwa na pa kukimbilia. Sasa ndege ikilia alinyanyuka, akasimama uani, mikono ikitafuta kitu cha kushika. Kanisani hakuna aliyemwambia neno baya, ila alihisi wakimwangalia wakati wa maombi ya toba, na huenda hawakuwa wakimwangalia kabisa.

Mvua za maharage ziliisha, watu wakavuna. Alikuwa akipepeta uani, Gamaliel akishikilia ungo wa pili vibaya kama kawaida yake, simu ilipolia. Alikuwa Maître Sophie, na alikuwa akisema haraka.

"Mama Kavira, kamati ilikaa. Walimaliza jana."

Jokébed alishusha ungo. "Kamati ya nani? Mi niliacha."

"Nilikwambia kesi itaendelea. Sheria ya mupito haiangalie kama uko ao hauko, inaendesha tu mupaka mwisho. Dossier haikutoka Goma, mais pilote alikuja yeye mwenyewe. Alisema siku ile, kama haungemwambia angoje, angefagia. Alisema kisha kupanda juu aliliona jeneza. Mama, walikuona hauna kosa. Kosa hata moja. Na wameongeza mu sheria: mutu akiwa mu njia na hawezi kukimbia, mwenye redio anaweza kusema simama."

Gamaliel, aliyekuwa amesogeza sikio karibu na simu, alitupa ungo juu na maharage yakamwagika uani kote. Alikuwa akicheka na kufuta macho. Jokébed hakucheka. Alihisi furaha ikimjia kwa nguvu, kama mtu anayerudishiwa jina lake mbele ya watu, na nyuma yake mara moja hasira, maana ilikuja imechelewa.

"Wasingya, Maître. Sasa leseni yangu?"

Kule Beni, Sophie alishusha sauti.

"Njo hiyo nilikuwa naogopa. Niliwauliza. Nilibishana nao, mama, naapa. Leseni uliyoiacha ilitolewa na ofisi ya zamani. Yenye ilitoa haiko tena, na Mamlaka haiwezi kurudisha kitu yenye haikutoa. Kama ungalikuwa mu kazi wangekubadilishia. Uliacha."

"Niliacha."

"Kiti ya Butembo tena iko na mutu."

"Iko na Hulda. Anafanya muzuri."

"Kuko njia moja tu," Sophie alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu kutaja jambo. "Mafunzo. Toka mwanzo, sawa mutu hajapata kuona redio. Mutihani, Kifaransa, hesabu ya upepo, yote. Utakaa na batoto ya miaka makumi mbili. Kisha wakikupatia leseni, watakutuma fasi yenye kuko kiti, hapana Butembo. Mi sikushauri. Nilisema tu niseme, usiseme nilikuficha. Miaka yako, mama, na kazi yote ile ulikuwa umeshafanya..."

Gamaliel alikuwa ameacha kucheka. Alisimama katikati ya maharage yaliyomwagika, akimtazama mke wake, na kwa kuwa aliishi naye miaka mingi alijua kabla ya Jokébed mwenyewe kujua. Alitaka kusema hapana. Safari hii alikuwa pale, na angeweza kuulizwa. Jokébed alimtazama, akaweka kiganja juu ya simu, akamwuliza kwa macho tu, akangoja jibu.

Gamaliel alipumua kwa nguvu, kisha akainama kuokota maharage. "Uliza kama bako na chumba ya kulala," alisema.

Jokébed akarudisha simu sikioni.

"Maître, mafunzo inaanza siku gani?"